UZI: Kuoksidisha haidrokaboni kwenye riakta za mifereji midogo, hivi tunadhibiti nini hasa?

Kemia_Wandegeya
Wadau habari za jioni. Kwenye ule uzi wa mafuta ya Bunyoro kuna watu wamesema ati hizi riakta za mifereji midogo (vyombo vya reaksheni ambavyo ni vibomba vyembamba vya milimita moja hivi au chini) zimemaliza kabisa shida ya kuoksidisha haidrokaboni, yaani kuunganisha oksijeni na mafuta ya kaboni na haidrojeni, unapitisha mafuta huku, oksijeni kule, mbele inatoka bidhaa safi. Nimeona nifungue uzi wake koz nusu ya hayo ni kweli na nusu ni maneno ya brosha.

Kwanza shida yenyewe. Kuoksidisha haidrokaboni hakuna ugumu wowote, kila injini inayopita Kampala Road inafanya hivyo kutwa nzima. Ngumu ni kuisimamisha njiani. Boda kukupakia ni dakika moja, sasa mwambie akushushe katikati ya Northern Bypass.

Chukua sikloheksani, haidrokaboni ya kaboni sita zilizofungwa pete. Kiwandani wanapitisha hewa ndani yake kwenye digrii 150 hivi na presha ya baa 10 hivi (karibu mara kumi ya presha ya hewa ya kawaida), wanapata sikloheksanoli na sikloheksanoni, na kutoka hapo wanakwenda kwenye naylon. Sasa sikia kichekesho, reaksheni wanaiachia ifike asilimia 4 mpaka 6 tu alafu wanaikata. Zile 94 na kitu zote zinachemshwa upya zitenganishwe na bidhaa, zinarudishwa mwanzo, tena na tena. Hawana ujinga wale. Wanajua wakiiacha iendelee, ile bidhaa wanayoitaka ndiyo inaliwa kwanza, koz haidrojeni iliyo jirani na oksijeni kwenye sikloheksanoli au sikloheksanoni inang'oka kirahisi kuliko ile ya sikloheksani yenyewe. Ukienda mbali unabaki na asidi za kila aina, mwishowe kaboni dioksidi na maji.

Na ndani mwake ni mnyororo wa radikali huru, yaani vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenzake, vinavyodaka chochote kilicho karibu. Radikali ya kaboni ikikutana na oksijeni wanashikana papo hapo, inakuwa radikali ya peroksi, hiyo nayo inang'oa haidrojeni kwa molekuli nyingine, inakuwa haidroperoksidi na inaacha radikali mpya ya kaboni. Unazunguka hivyo. Ile haidroperoksidi ina kifungo cha oksijeni kwa oksijeni ambacho ni dhaifu sana, karibu kilojuli 180 kwa moli wakati kifungo cha kaboni na haidrojeni kwenye sikloheksani ni zaidi ya 400, kwa hiyo joto likipanda inapasuka na kuzaa radikali mbili kwa mpigo. Yaani reaksheni inajitengenezea kiberiti chake yenyewe.

Mjue pia hiyo asilimia 5 ina gharama ya roho za watu. Ukibadilisha kidogo hivyo lazima uwe na sikloheksani nyingi ya moto inazunguka muda wote. Flixborough kule Uingereza, tarehe 1 Juni 1974, walikuwa na riakta sita zimepangwa kwa mfuatano, ya tano ilipata ufa wakaitoa, wakaunganisha ya nne na ya sita kwa bomba la muda. Bomba likaachia, wingu la mvuke likatoka likalipuka, watu 28 wakafa. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kazi wangekufa wengi zaidi.

Kwa hiyo mtu akikwambia tutumie mfereji wa nusu milimita wenye mililita chache tu za mafuta ya moto kwa wakati mmoja, hiyo hoja ina uzito. Mfereji mdogo unakupa mkono juu ya joto, juu ya oksijeni inavyofika, na juu ya muda. Kemia yenyewe haubadilishi. Sikloheksanoli bado itaendelea kuliwa haraka kuliko sikloheksani hata ukiiweka kwenye mfereji wa dhahabu. Hapo ndipo nabishana na wale wa brosha.

Amooti_Hoima
Asante ssebo, mimi ndiye niliyesema kule kwa hiyo nimekuja kujitetea 😄 Mimi nilisoma kwamba kwenye mifereji midogo unaweza kutumia oksijeni tupu bila kuogopa mlipuko, moto hauwezi kusafiri ndani. Si hiyo tayari ni ushindi mkubwa?

Kemia_Wandegeya
Amooti karibu. Ni kweli na ni jambo la zamani, ndiyo kanuni ya taa ya wachimba makaa ya Humphry Davy ya mwaka 1815, wavu wa chuma wenye matundu madogo unanyonya joto la mwali na mwali haupiti. Ukuta ukiwa karibu sana joto linakimbilia ukutani, na radikali nazo zinafia ukutani kabla hazijazaa nyingine.

Lakini soma masharti yake. Kwa haidrokaboni nyingi zilizochanganywa na hewa, kwenye presha ya kawaida, mwali unazimika nafasi ikiwa kama milimita 2 kushuka chini. Hiyo ni hewa. Ukiweka oksijeni tupu nafasi inashuka sana, chini ya nusu milimita. Na ukipandisha presha inashuka tena, karibu kwa uwiano uleule, presha mara kumi nafasi inagawanywa kwa kumi. Sasa wewe unataka baa 10 au 20 ndiyo oksijeni iyeyuke vizuri. Fanya hesabu uone kama bomba lako la milimita 1 bado ni salama. Haliko salama, lina kiasi kidogo tu cha kulipuka, na hiyo ni faida tofauti. Mlipuko wa mililita mbili ndani ya bomba la chuma unaweza kuuvumilia. Wa tani arobaini hapana.

Kitu kingine ambacho brosha haziandiki: mfereji una mwisho. Mafuta na oksijeni iliyobaki vinatoka, vinapita kwenye valvu ya kushikilia presha, vinadondokea kwenye chupa. Hiyo chupa si mfereji mdogo. Ni nusu lita ya hewa yenye oksijeni nyingi juu ya sikloheksani, na sikloheksani inashika moto ikiwa mvuke wake ni asilimia 1.3 tu ya hewa mpaka kama 8. Flashi pointi yake, yaani joto ambalo mvuke wake unaanza kuweza kushika moto, iko chini ya sifuri, digrii 18 hivi chini. Watu wanaandika mfumo wetu ni salama kabisa, ukienda kuangalia unakuta chupa ya kupokelea imekaa wazi pembeni ya kompyuta. Hiyo chupa pitishia nitrojeni muda wote, na hewa yake itolewe ndani ya kabati la kunyonya moshi.

Mwanafunzi_Mbarara
Kaka naomba unieleweshe hapo kwenye oksijeni kufika. Kwani ukitikisa au ukikoroga kwenye chupa ya kawaida haifiki?

Kemia_Wandegeya
Inafika, swali ni kama inafika haraka kuliko inavyoliwa, na kama inafika kila mahali sawasawa.

Kusambaa kwa oksijeni ndani ya kimiminika ni pole pole mno. Muda unakwenda kwa mraba wa umbali. Chukua namba ya kawaida ya 10⁻⁹ mita za mraba kwa sekunde, sentimita moja inachukua sekunde laki moja, hiyo ni zaidi ya siku nzima. Punguza iwe maikromita 100, inakuwa sekunde 10. Hakuna uchawi mwingine, ni huo mraba tu.

Sasa ingia kwenye hesabu ambayo watu wengi wanairuka. Oksijeni tupu kwenye presha ya hewa ya kawaida inayeyuka kwenye sikloheksani kama milimoli 11 au 12 kwa lita, hiyo ni karibu mara tisa kuliko kwenye maji, sio mbaya. Lakini sikloheksani yenyewe ina moli 9 na kidogo kwa lita. Ukitaka kubadilisha asilimia 5 unahitaji karibu moli 0.46 za oksijeni kwa kila lita. Linganisha na hiyo 0.011. Hata ukipandisha mpaka baa 10 za oksijeni tupu unapata kama 0.115, bado ni robo tu. Kwa hiyo huwezi kuyeyusha oksijeni yote mwanzoni alafu ukasukuma kimiminika peke yake, lazima gesi isafiri pamoja nacho ndani ya bomba, ikizidi kuyeyuka njiani kadiri inavyoliwa.

Ndiyo maana wanatumia kiungo cha T, mafuta yanaingia huku gesi kule, ndani ya bomba unapata kipande cha mafuta, kipovu, kipande cha mafuta, kipovu, vimejipanga mstari. Ukitumia bomba la kupitisha mwanga unaviona kwa macho. Kila kipovu kinajaza karibu upana wote wa bomba, kati yake na ukuta kuna utando mwembamba sana wa mafuta, na ndani ya kila kipande cha mafuta kuna mzunguko, katikati yanakwenda mbele ukutani yanarudi nyuma, kwa hiyo yanajikoroga yenyewe bila kikorogeo.

Ukiwa na macho ya subira utaona kitu kingine, vipovu vya mbele ni vifupi kuliko vya nyuma, koz oksijeni imeliwa. Hapo kaa chonjo. Oksijeni ikiisha kabla ya mwisho wa bomba, zile radikali za kaboni zinakosa wa kushikana naye zinashikana zenyewe kwa zenyewe, unaanza kupata vitu vizito, rangi inakuwa njano, baadaye kahawia, baadaye bomba linaziba. Mtu anasema kataliti (kichocheo cha reaksheni) imekufa kumbe alikuwa ananyima reaksheni hewa.

Nalongo_Maabara
Hapo umenigusa. Wengine wetu tuna mtungi wa hewa ya kawaida tu, oksijeni tupu kwa presha kubwa hatuiruhusu kwenye jengo. Hewa itatosha?

Kemia_Wandegeya
Nyabo kwa usalama mimi nakuunga mkono kabisa, anzeni na hewa. Ila mjue bei yake. Zile moli 0.46 ukizileta kwa oksijeni tupu ya baa 10 kwenye joto la chumba ni kama lita 1.1 ya gesi kwa kila lita ya sikloheksani. Kwa hewa ni mara tano, lita 5 na nusu hivi, na nne kwa tano ya hiyo ni nitrojeni inayokaa tu kwenye bomba inakula nafasi. Kwa hiyo mafuta yako yanapita mbio, muda wao ndani unapungua, na unaishia kuongeza urefu wa bomba. Kuna watu wanafanya nitrojeni na oksijeni kwa kiwango cha katikati. Kwa maabara ya kufundishia hewa inatosha, chagua tu kitu rahisi kuoksidishika, ethilibenzini kwa mfano, haidrojeni yake iliyo pembeni ya pete ni laini kuliko ya sikloheksani, mnapata asetofenoni na mnaona kila kitu ambacho mngekiona kwenye sikloheksani bila kulazimisha joto kubwa.

Fundi_Katwe
Mimi mambo ya radikali mmeniacha nje lakini mabomba ndio kazi yangu. Mnatumia bomba gani? Mimi naweza kuchimba mfereji kwenye bamba la stenlesi, biti ya nusu milimita naipata ila inavunjika vunjika. Na mbona msitumie mipira ya dripu za hospitali, ni rahisi na iko kila mahali?

Kemia_Wandegeya
Fundi tulikuwa tunakungoja wewe. Mpira wa dripu sahau, ni plastiki ya PVC iliyolainishwa, ukipitisha sikloheksani vile vilainishi vinayeyuka vinakuja na bidhaa yako, mpira unakakamaa unapasuka. Na zile chipu nzuri za kwenye picha, za silikoni ya PDMS inayoangaza, ni nzuri kwa maji na damu na seli, ila kwa haidrokaboni zinavimba. Tena zinavimba mpaka mfereji unajifunga. Hii imepimwa na kundi la George Whitesides pale Harvard mwaka 2003, walizipitisha kwenye orodha ndefu ya viyeyushi na haidrokaboni zilikuwa upande mbaya.

Vinavyobaki ni kioo, silikoni ngumu (ile ya chipu za kompyuta, sio ya mpira), stenlesi, na plastiki za jamii ya Teflon kama PFA. PFA inavumilia mpaka digrii 260 kwa joto peke yake, ila presha na joto pamoja hapana, kadiri inavyopata moto inalainika. Na oksijeni inapenya ukuta wake pole pole inatoka nje, kwa hiyo usiliweke ndani ya oveni iliyofungwa kabisa.

Stenlesi kwa presha ndiyo baba lao, shida yake ni nyingine. Bomba la milimita 1 lina mita za mraba 4,000 za ukuta kwa kila mita ya ujazo ya kimiminika. Tangi la kipenyo cha mita 2 ubavu wake unakupa mita 2 tu. Huo ukuta wote ndio unaotoa joto vizuri, na ndio huohuo unaogusana na haidroperoksidi yako, na chuma kinaipasua. Kwa hiyo bomba jipya la stenlesi na bomba la PFA vinaweza kukupa majibu mawili tofauti kwa mafuta yaleyale na joto lilelile. Watu wanaliosha na asidi ya nitriki kwanza ili ukuta utulie. Mimi ningenunua bomba la HPLC (mashine ya maabara inayotenganisha kemikali kwa kimiminika chenye presha) lililotengenezwa tayari, nje inchi moja ya kumi na sita, ndani milimita 1, mita 12.7 zinabeba mililita 10, unalizungusha kwenye silinda ya alumini ambayo wewe fundi utatutengenezea, na hita ya katriji katikati. Hiyo silinda ndiyo kazi ya Katwe kabisa.

Fundi_Katwe
Silinda ya alumini na tundu la hita na la themokapo ya kupimia joto? Hiyo ni asubuhi moja. Njooni na vipimo, msije na hadithi.

Mwanafunzi_Mbarara
Kaka samahani narudi tena. Kwenye chupa ya kukoroga naona reaksheni inakaa kimya muda alafu ghafla inaanza. Kwenye bomba itakuwaje, si mafuta yatatoka kabla hayajaanza?

Kemia_Wandegeya
Hili swali ni zuri kuliko yote na jibu lake ndilo linalonifanya nisiwaamini watu wanaosema bomba linashinda tangi kila mara.

Kile kimya ni muda wa kujenga haidroperoksidi ya kutosha. Kwenye tangi lililokorogwa na kulishwa mfululizo, mafuta mapya yanaingia yanakutana na haidroperoksidi ya wenzao waliotangulia, yanawashwa papo hapo. Kwenye bomba hakuna kuchanganyika mbele na nyuma, kila kipande cha mafuta kinaanza na sifuri. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya bomba lako inaweza kuwa inapasha joto mafuta bure. Reaksheni inayojiwasha yenyewe inapenda kuchanganyika.

Ila bidhaa haipendi. Kwenye tangi kuna molekuli zinatoka baada ya dakika moja na nyingine zinakaa saa nzima, hizo zilizokaa ndizo zinazoliwa mpaka asidi. Kwenye bomba zote zinakaa muda karibu sawa. Kwa hiyo kasi inataka tangi, usafi unataka bomba, na viwanda vilimaliza ugomvi kwa kupanga matangi kadhaa kwa mfuatano, kama yale sita ya Flixborough.

Ukiwa na bomba dawa ni kuwasha mwanzoni. Weka haidroperoksidi kidogo kwenye mafuta ya kuingilia, tert-butili haidroperoksidi inafaa, au rudisha kidogo kile kilichotoka mwisho ukichanganye na cha mwanzo. Au chumvi ya kobalti, sehemu chache kwa milioni tu, kobalti inacheza kati ya chaji mbili na tatu na kila mzunguko inapasua haidroperoksidi.

Na hapo mimi ndipo naona mifereji midogo inaweza kufanya kitu ambacho tangi haliwezi vizuri. Kuna viwanda vinavyoacha kobalti kabisa kwenye hatua ya kwanza, vinasimamisha kazi ikiwa bado ni haidroperoksidi nyingi, alafu vinaipasua kwenye chombo kingine kwa joto la chini. Kwa bomba hiyo ni rahisi sana, mita kadhaa za PFA yenye moto kiasi bila chuma chochote, alafu kiungo cha T, unaingiza kataliti, bomba la pili la joto la chini. Unatenganisha kuzaliwa kwa haidroperoksidi na kufa kwake. Huko ndiko kudhibiti kwenyewe, unagusa kemia, sio joto tu.

Amooti_Hoima
Sawa sasa turudi nyumbani. Mafuta yetu ya Ziwa Albert yana nta nyingi mpaka bomba la kwenda Tanga, kilomita 1,443, inabidi lipashwe moto njia nzima. Nta si haidrokaboni ndefu? Wajerumani wakati wa vita walitengeneza sabuni kwa kuoksidisha nta. Kwa nini sisi tusichukue nta ya visima vya Kingfisher na Tilenga tupitishe kwenye riakta zako ndogo tupate sabuni, badala ya kuuza ghafi yote?

Kemia_Wandegeya
Amooti historia yako iko sawa. Pale Witten, kampuni ya Imhausen ilichukua parafini iliyotengenezwa kutokana na makaa, ikapuliza hewa ndani yake kwenye digrii 110 mpaka 120 hivi na pamanganeti kidogo kama kataliti, ikapata asidi za mafuta za kutengenezea sabuni, na baadaye hata siagi ya kubuni.

Lakini angalia muda, ile kazi ilikuwa ni ya saa nyingi, kutwa na zaidi. Hapo mfereji mdogo hauna la kukusaidia. Faida yake yote inatokana na kuondoa foleni ya oksijeni na joto, sasa kama reaksheni yenyewe ni ya kobe hakuna foleni ya kuondoa, tangi la kawaida lenye mapovu ya hewa linatosha na ni rahisi kulisafisha. Kujaza mita mia za bomba jembamba na nta ya moto ili ikae humo saa 20 ni kutafuta kuziba. Umeme ukikatika dakika chache nta inaganda humo ndani na hilo bomba unalitupa.

Unaweza kupandisha joto mpaka reaksheni iwe ya dakika, presha ikazuia kuchemka, na watu wanafanya hivyo kwa vitu vyepesi. Kwa nta ndefu ukipandisha joto mnyororo unakatika popote, unapata mchanganyiko wa asidi fupi fupi zinazonuka na sabuni yake inanuka vilevile. Warusi walikuwa na njia ya akili zaidi, Bashkirov aliweka asidi ya boriki, pombe ikizaliwa tu inakamatwa na boroni inakuwa esta, oksijeni haiigusi tena kirahisi, baadaye unaiosha na maji unapata pombe yako. Kwa nta mimi ningesoma hiyo kabla ya riakta yoyote. Ila boriki ni unga, na unga kwenye mfereji wa nusu milimita unajua mwisho wake.

Na mafuta ghafi yenyewe yasikaribie kabisa mifereji hii. Mpaka yachujwe yatenganishwe, na kiwanda cha kusafishia pale Kabaale cha mapipa 60,000 kwa siku ndio kwanza kinapangwa.

Amooti_Hoima
Umenivunja moyo lakini kwa adabu.

Nalongo_Maabara
Turudi kwenye umeme. Kwetu unakatika bila hodi na jenereta ina usingizi wake. Pampu ikisimama wakati bomba liko digrii 150 na mtungi wa hewa uko wazi inakuwaje?

Kemia_Wandegeya
Banange hili ndilo la kupanga kabla ya kuwasha chochote. Umeme ukikatika pampu ya mafuta inasimama, hita inazima lakini alumini inabaki ya moto muda mrefu, na mtungi haujui kama umeme umekatika, presha yake inaendelea kusukuma. Kwa hiyo unapata oksijeni inapita kwenye mafuta yaliyosimama, ya moto, yenye haidroperoksidi. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote.

Weka valvu mbili za solenoidi, zile zinazoendeshwa kwa umeme. Ya hewa iwe ile ambayo bila umeme inajifunga. Ya nitrojeni iwe ile ambayo bila umeme inajifungua. Zote mbili kwenye soketi moja na pampu. Umeme ukienda, hewa inakata, nitrojeni inaingia yenyewe na kusukuma kila kitu kwenye chupa, huhitaji mtu wa kukimbia. UPS ndogo (betri ya akiba) iweke kwa kompyuta ya kurekodi joto tu, usiiwekee valvu, valvu ziachie zianguke upande wa usalama. Na valvu ya kuzuia kurudi nyuma kwenye mstari wa gesi, bila hiyo mafuta yanaweza kurudi mpaka kwenye regulata ya mtungi.

Mwanafunzi_Mbarara
Vipi mwanga? Nimeona wanatumia taa za LED badala ya joto.

Kemia_Wandegeya
Wanatumia, na hapo mfereji mwembamba una haki yake kabisa koz mwanga haupenyi mbali kwenye kimiminika chenye rangi. Dekatungsteti, kataliti inayowashwa na mwanga, na LED ya nanomita 365, oksijeni, joto la chumba, na inang'oa haidrojeni moja kwa moja kutoka kwenye alkani. Inafanya kazi joto la chini ndiyo maana haidroperoksidi haipasuki hovyo. Kwa kiasi cha maabara ni nzuri sana. Kwa tani bado ni bili ya umeme.

Nalongo_Maabara
La mwisho kutoka kwangu. GC yetu (mashine inayotenganisha na kupima kemikali zikiwa mvuke) inasoma sikloheksanoli na sikloheksanoni vizuri lakini namba zinacheza, sampuli ileile leo na kesho hazifanani. Wanafunzi wanalaumu kolamu, lile bomba la ndani linalotenganisha.

Kemia_Wandegeya
Nyabo kolamu haina kosa hapo. Haidroperoksidi ikiingia kwenye injekta yenye digrii 200 na zaidi inapasuka palepale, sehemu inakuwa sikloheksanoli, sehemu inakuwa sikloheksanoni, na GC inakuhesabia kama bidhaa. Ripoti nyingi za kusifu kataliti fulani kwamba inatoa bidhaa unayoitaka tu zina hili tatizo ndani yake.

Pima mara mbili. Sampuli moja ingiza kama ilivyo. Ya pili weka trifenilifosfini ya kuzidi kidogo, ngoja dakika kadhaa kwenye joto la chumba, alafu ingiza. Fosfini inabadilisha haidroperoksidi yote iwe sikloheksanoli. Ukiona kwenye ya pili sikloheksanoli imepanda na sikloheksanoni imeshuka, tofauti hiyo ndiyo haidroperoksidi iliyokuwepo. Na sampuli ikitoka kwenye bomba iwekwe kwenye barafu, isikae mezani mpaka kesho, ndiyo maana namba zenu zinacheza.

Nalongo_Maabara
Trifenilifosfini hatuna, kuagiza itakuwa mwakani.

Kemia_Wandegeya
Basi titresheni ya iodini, kupima kwa kudondosha tone kwa tone. Potasiamu iodaidi kwenye asidi asetiki, weka sampuli, funika isione mwanga, haidroperoksidi inatoa iodini, unatitresha na sodiamu thayosalfeti, wanga mwishoni kabisa rangi ikishafifia. Pitisha nitrojeni kwenye chupa kwanza, oksijeni ya hewa nayo inatoa iodini na itakudanganya. Ukiacha nitrojeni, kemikali hizi ni za kawaida kwenye stoo ya shule ya sekondari yenye maabara. Alafu tuma namba hapa, ya chupa ya kukoroga na ya bomba, Fundi akishamaliza silinda.

Fundi_Katwe
Vipimo bado sijaletewa.